Namna ya kulifikisha tatizo lako kwenye halmashauri ya kijiji mpaka liamuliwe

Pampu ya kisima cha kitongoji chetu iliharibika mwezi wa Januari. Kila mtu alijua. Tulilizungumza tukiwa kwenye foleni ya ndoo katika kisima cha mbali, tukalizungumza msibani, tukalizungumza mnadani. Mwenyekiti wa kijiji alipopita na baiskeli yake alisimamishwa, akaambiwa, naye akaahidi kulishughulikia. Mwezi wa Agosti nilikwenda ofisi ya kijiji nikamwomba mtendaji anifungulie daftari la mihtasari. Tukapekua kurasa za miezi saba. Kisima chetu hakikutajwa hata mara moja. Kwa upande wa serikali ya kijiji, pampu ile ilikuwa nzima.

Baadaye nilichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa kipindi kimoja, na nilipokaa ndani ya vikao nikaelewa kwa nini mambo mengi hupotea njiani. Mara chache sana ni kwa sababu viongozi ni wabaya. Mara nyingi ni kwa sababu jambo halikuwahi kuingia kwenye ajenda, na kwa hiyo halikuwahi kuamuliwa, na kwa hiyo hakuna aliyekabidhiwa kulifanya. Mwongozo huu ni kwa mwananchi wa kijiji cha Tanzania Bara ambaye ana kero ya kweli na anataka ifike mahali pa kuamuliwa. Mijini kuna mitaa na utaratibu wake, sitaugusa hapa.

Wajue wenye uamuzi

Wenye kauli ya juu katika kijiji ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Chini yake kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa, ambapo wanawake hawapaswi kupungua robo ya wajumbe wote. Utaratibu wenyewe umewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ingawa halmashauri za vijiji zilianza kabla ya hapo, kwa sheria ya vijiji vya ujamaa ya mwaka 1975. Viongozi wa sasa walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 kwa kipindi cha miaka mitano.

Halafu kuna mtendaji wa kijiji. Huyu hakupigiwa kura. Ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji na wa mkutano mkuu. Watu wengi humpelekea mwenyekiti kila kitu kwa kuwa ni jirani, wanamfahamu tangu utotoni na walimchagua wenyewe. Si vibaya kumwambia. Lakini kalamu na daftari viko kwa mtendaji, na yeye ndiye anayeandaa ajenda akishirikiana na mwenyekiti. Ukimwambia mwenyekiti peke yake, umemwachia kumbukumbu ya kichwani mtu mwenye shamba, mifugo na kesi kumi za majirani.

Hatua ya 1: Tafuta tatizo ni la nani

Kabla hujaandika chochote, jiulize kama halmashauri ya kijiji ina uwezo na jambo lako, au kazi yake ni kulipeleka kwa mwingine.

Njia ya miguu iliyozibwa na mtu aliyepanua shamba, choo kilichojengwa karibu na chanzo cha maji, mitaro ndani ya kitongoji, eneo la kuzikia, ulinzi wa usiku, usafi wa gulio, mipaka ya malisho, moto unaochomwa ovyo, miti inayokatwa kwenye msitu wa kijiji: hayo ni ya kijiji chenyewe. Kijiji kinaweza kuyaamua na kuyasimamia kwa sheria ndogo zake.

Barabara inayounganisha kijiji na kijiji au kijiji na makao makuu ya kata kwa kawaida iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Maji ya bomba na visima vya mradi vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini ulioanza mwaka 2019, na kila siku husimamiwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi bado wanakiita kamati ya maji. Zahanati na shule zina kamati zake. Katika yote haya kijiji hakina greda wala fundi wa pampu, lakini kina kitu ambacho wewe peke yako huna: barua yenye muhuri na muhtasari unaoonyesha kwamba wananchi waliketi wakakubaliana. Ofisi ya wilaya ikipokea malalamiko ya mtu mmoja kwa simu, ni malalamiko. Ikipokea muhtasari wa kikao, ni jambo la kujibiwa.

Kuna mambo ambayo hayapaswi kabisa kukaa kijijini. Kubakwa, kupigwa hadi kuumia, mtoto kulawitiwa au kuozeshwa, mauaji, wizi wa kutumia silaha: hayo ni ya polisi. Aliyeumizwa apelekwe kituoni akapate PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, na apate matibabu haraka. Kwa mtoto kuna namba 116 ya kupiga bila malipo. Nimeona wazee wenye nia njema wakikaa chini ya mwembe kusuluhisha jambo la mtoto wa kike kwa mbuzi wawili, na inaniuma mpaka leo kwamba nilikuwa kijana nikanyamaza. Halmashauri ya kijiji si mahakama, na mwenyekiti akikuambia mmalizane kifamilia katika jambo la aina hiyo, usikubali.

Hatua ya 2: Anzia kitongojini

Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji moja kwa moja. Ndiye mtu wako ndani ya kikao. Mfuate nyumbani kwake kwa heshima, jioni akiwa ametoka shambani, mweleze jambo lako. Mwombe afike aone kwa macho. Mjumbe aliyeona shimo la barabara akiwa amesimama kando yake huongea tofauti kabisa na aliyesimuliwa.

Kama jambo linawagusa wengi, mwombe aitishe kikao cha kitongoji. Hapo mtajua kama ni kero ya watu wote au ni yako peke yako. Ikiwa ni yako peke yako bado una haki ya kuipeleka, ila utaipeleka kwa jina lako. Ikiwa ni ya wote, andikeni mahudhurio: jina, saini au dole gumba, tarehe. Karatasi hiyo moja itawasaidia mpaka wilayani.

Katika ngazi hii usisahau kina mama. Wao ndio wanaojua kisima kimekauka saa ngapi na ni mtoto gani aliteleza darajani, lakini kikao kikiitishwa saa tatu asubuhi wakati wako mtoni au jikoni hawatakuwepo. Ombeni muda ambao watu wote wanaweza.

Hatua ya 3: Beba kitu cha kuonyesha

Huhitaji mwanasheria. Unahitaji tarehe, idadi na mahali. "Pampu imekufa muda mrefu" haimshtui mtu. "Pampu ya kisima cha kitongoji haifanyi kazi tangu tarehe 14 Januari, kaya 63 zinachota maji umbali wa saa moja kwa miguu" inamlazimisha mtu kushika kalamu. Hesabu kaya kwa kuzipitia, au muombe mwenyekiti wa kitongoji aangalie kwenye rejista ya wakazi.

Piga picha kwa simu ikiwezekana, na hakikisha kitu kinachotambulika kinaonekana nyuma: shule, mti mkubwa, nguzo. Kama jambo ni la mipaka, tafuta wazee wawili watatu wanaokumbuka alama za zamani, iwe minyaa, mkonge au jiwe, na waandike majina yao wakiwa hai na wenye afya. Kama ni fedha, tafuta stakabadhi zako zote. Weka vyote kwenye bahasha moja.

Hatua ya 4: Andika barua

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na sababu kubwa ni woga. Wanadhani barua ya serikalini ina maneno maalumu. Haina. Mkono wako unatosha, hata karatasi ya daftari la mtoto inatosha. Kama hujui kuandika, mwombe mwalimu au kijana aliyemaliza shule akuandikie, kisha akusomee kwa sauti kabla hujaweka dole gumba. Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ...
Kupitia kwa: Mwenyekiti wa Kitongoji cha ...

Yah: Kuharibika kwa pampu ya kisima cha kitongoji

Ndugu Mtendaji, husika na kichwa cha habari hapo juu. Pampu ya kisima chetu haifanyi kazi tangu tarehe 14 Januari. Kaya 63 zinachota maji katika kitongoji cha jirani, na kisima hicho nacho kimeanza kupungua. Tulikaa kikao cha kitongoji tarehe ..., mahudhurio yameambatishwa. Tunaomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha halmashauri ya kijiji, na chombo cha watoa huduma ya maji kiitwe kutoa maelezo ya lini pampu itatengenezwa na fedha za matengenezo ziko wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(jina, saini, namba ya simu)

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji.

Tazama ombi lilivyo. Halisemi "tunaomba msaada wako", maana ombi la namna hiyo hujibiwa kwa "tutaangalia". Linataka vitu viwili vinavyoweza kufanyika au kutofanyika: kuingizwa kwenye ajenda, na watu fulani kuitwa. Barua moja ibebe jambo moja. Ukiweka kisima, barabara na mbuzi wa jirani kwenye karatasi moja, kitajibiwa kile kilicho rahisi na viwili vitalala.

Andika nakala mbili. Moja mwachie mtendaji, ya pili mwombe aigonge muhuri wa kupokelewa, aandike tarehe na kusaini, kisha rudi nayo nyumbani. Muhuri ukiwa haupo, tarehe na saini tu zinatosha. Akisita, usigombane naye. Mwambie kwa upole, "Ndugu mtendaji, ni kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu." Hakuna malipo ya kupokea barua. Ukitakiwa kulipa chochote, omba stakabadhi halali ya serikali, na mara nyingi mazungumzo ya malipo yataishia hapo.

Hatua ya 5: Kikao cha halmashauri ya kijiji

Halmashauri ya kijiji inapaswa kukaa angalau mara moja kila mwezi. Peleka barua mapema, wiki moja au zaidi kabla ya kikao. Ukiipeleka asubuhi ya kikao utaambiwa ajenda zimefungwa, na watakuwa na haki.

Huenda jambo lako likapelekwa kwanza kwenye kamati. Kamati za kudumu ni tatu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Ukijua ni kamati ipi, mfuate mwenyekiti wake, zungumza naye, mpe nakala ya barua. Hiyo si rushwa wala fitina. Ni kumsaidia ajue anachokwenda kukisema.

Katika uzoefu wangu kikao huanza kwa kuchelewa, kinaanza na yatokanayo na kikao kilichopita, na ajenda za mwisho hufikiwa watu wakiwa wamechoka na njaa. Kama jambo lako ni zito, muombe mwenyekiti wa kitongoji ahimize liwekwe juu. Unaweza pia kuomba kuitwa utoe maelezo. Ukipewa nafasi, sema dakika tatu, onyesha picha, taja ombi lako, nyamaza. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, isipotimia kikao hakiwezi kuamua, kwa hiyo siku moja kabla wapitie wajumbe unaowafahamu uwakumbushe kufika.

Hatua ya 6: Mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano mkuu unapaswa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Sikiliza mbiu, soma ubao wa matangazo. Kama miezi sita imepita bila mkutano, hilo lenyewe ni jambo la kuandikia barua, na nakala iende kwa mtendaji wa kata.

Mkutano huu ndio wenye nguvu ambazo halmashauri ya kijiji haina peke yake. Ardhi ya kijiji haigawiwi kwa mtu bila mkutano mkuu kuridhia. Sheria ndogo za kijiji lazima zipitie hapa kabla ya kwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa hapa, fedha zilizoingia na zilizotoka, kisha kubandikwa ubaoni. Ukisikia yakisomwa harakaharaka kama sala ya kufungulia, simama uombe yarudiwe polepole. Watu watakushukuru, hata wale wasiothubutu kusema.

Kuna namna ya kusimama ikakusaidia. Vaa vizuri. Salimia mkutano mzima, taja jina lako na kitongoji chako. Usianze na lawama kwa mtu aliye mezani, kwa sababu mkutano utageuka kuwa wa kumtetea au kumzomea, na kisima kitasahaulika. Sema: tatizo hili, tangu tarehe hii, barua ilipokelewa siku hii, naomba mkutano uazimie hivi. Neno "uazimie" ni muhimu. Mkutano ukishaazimia, halmashauri ya kijiji ina deni la kutekeleza. Ukiishia kulalamika, katibu ataandika "mwananchi mmoja alitoa kero ya maji", na mwenyekiti atajibu "imechukuliwa".

Pangeni kabla. Mtu mmoja aeleze, wa pili aunge mkono, mwanamke mmoja aliyekwisha kuhesabu safari zake za maji aseme yake. Watatu wakisema jambo moja kwa utulivu, mkutano husikia.

Hatua ya 7: Hakikisha limeandikwa

Kwangu hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kabla mkutano haujafungwa, muombe katibu asome azimio alivyoliandika. Hilo si kumdharau. Wakati ule tulipopeleka suala la kisima, mtendaji alisoma: "Wananchi wameombwa kuwa wavumilivu kuhusu maji." Tukaomba arekebishe pale pale. Likaandikwa upya: chombo cha maji kitengeneze pampu ndani ya siku 30, mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii afuatilie, taarifa itolewe kikao kijacho. Kazi moja, mtu mmoja, tarehe moja. Azimio lisilo na hivyo vitatu halina wa kuulizwa.

Baada ya wiki moja nenda ofisini, omba kusoma muhtasari. Unaweza kunakili azimio lako kwenye daftari lako, pamoja na tarehe ya kikao na namba ya ajenda. Kikao kinachofuata, uliza chini ya yatokanayo. Hapo huhitaji kuanza upya wala kushawishi mtu. Unataja tu namba.

Pampu yetu haikutengenezwa ndani ya siku 30. Ilichukua karibu siku 70, kwa sababu kipuri kilitafutwa mjini na fedha kwenye akaunti ya chombo cha maji hazikutosha. Lakini kila kikao kilitoa taarifa, kila mtu alijua tulipofikia, na kaya zikakubali kuongeza mchango kwa kuwa ziliona hesabu.

Hatua ya 8: Panda ngazi bila kuruka

Kama vikao viwili vimepita na hakuna kilichofanyika, andika barua ya pili ukitaja ya kwanza na kuambatisha nakala yenye saini. Halafu nenda kata. Mtendaji wa kata ni mkubwa wa mtendaji wa kijiji kikazi, na diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, ambayo wenyeviti wa vijiji ni wajumbe wake. Muombe diwani jambo liingie huko. Baada ya kata kuna mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya na ofisi ya mkuu wa wilaya.

Najua kishawishi cha kuruka moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya anapokuja kwenye mkutano wa hadhara na kipaza sauti. Wakati mwingine husaidia, hasa kama umezuiwa kwa makusudi kule chini. Lakini ukisimama mikono mitupu utaulizwa, "Mtendaji wako anasemaje?" Ukisimama na barua tatu zilizopokelewa, swali litaelekezwa kwa mtendaji. Kama kuna harufu ya rushwa au michango iliyoliwa, piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113, haitozwi.

Ardhi

Migogoro ya mipaka ina njia yake. Kila kijiji kinapaswa kuwa na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, waliopendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Kazi yake ni kupatanisha. Yakishindikana, jambo huenda baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 nalo linapatanisha tu, kisha baraza la ardhi na nyumba la wilaya ndilo linalotoa hukumu. Mkipatana kijijini, andikeni makubaliano, msaini nyote pamoja na mashahidi, mkaweke alama mpya siku hiyo hiyo kabla mioyo haijabadilika.

Unaponunua shamba ndani ya ardhi ya kijiji, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, hata kama ana muhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeifanya halmashauri ya kijiji yote kuwa mdhamini, na ndiyo inayotakiwa kuidhinisha. Omba kuona muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, na uhakikishe mwenza wa muuzaji anajua na ameridhia. Nimeona familia zikifukuzwa mashambani baada ya kulima miaka minane kwa sababu ya karatasi iliyoandikiwa mezani kwa mtu mmoja. Mwenye shamba la urithi afuatilie hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa kijiji kikishakuwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mipaka ikishapimwa. Wajane hasa, naomba msisubiri shemeji awafuatilie.

Mifugo shambani na wanyama wa porini

Ng'ombe wakiingia shambani mwako, usiwakate wala usiwafukuze kwa mkuki. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na jirani mmoja waone, piga picha za nyayo na mazao, kisha ripoti kwa mtendaji siku hiyo hiyo ili afisa kilimo aje kufanya tathmini. Tathmini ya baada ya wiki mbili, mvua ikiwa imeshanyesha na mahindi yamenyanyuka, haitakupa haki yako. Mwenye mifugo naye ana haki ya kuona tathmini na kuipinga. Kama kijiji kinatoza faini, uliza ni kwa sheria ndogo ipi. Sheria ndogo ambayo haikuidhinishwa na halmashauri ya wilaya haina nguvu ya kumtoza mtu, hata kama wote mnaikubali.

Tembo, viboko au nyati ni habari nyingine. Ripoti kwa mtendaji haraka, naye amjulishe afisa wanyamapori wa wilaya aje apime uharibifu. Serikali hulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa. Si fidia kamili, na haitarudisha gunia ulilotegemea, lakini hutaipata kabisa bila fomu iliyojazwa na kupitia kijijini. Kinachonihuzunisha ni kwamba wakulima wengi hukata tamaa mapema, huvuna yaliyobaki na kulima upya kabla mpimaji hajafika. Acheni walau sehemu ya shamba kama ilivyo mpaka apite.

Michango

Kila mchango wa maendeleo, iwe wa darasa, zahanati au mtaro, uwe umepitishwa kwenye mkutano, kiwango kijulikane, na wasiojiweza wasamehewe kwa majina. Dai stakabadhi kila unapotoa fedha, hata shilingi 2,000. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, andikisha jina lako. Nguvu kazi nayo ni mchango, na mzee aliyeponda kokoto siku tatu asije akadaiwa mfuko wa saruji kwa sababu jina lake halikuandikwa.

Mtendaji akihamishwa

Hili hutokea sana, na ndilo linalozika mambo yaliyokuwa yamefika pazuri. Mtendaji mpya hajui ahadi za aliyemtangulia. Wiki ya kwanza akifika, nenda ofisini ukamkaribishe kijijini, umsalimie, halafu umwonyeshe bahasha yako: barua, mahudhurio, namba ya ajenda, tarehe ya azimio. Mwombe mlitafute pamoja kwenye daftari la mihtasari alilokabidhiwa. Kama daftari lenyewe halimo kwenye makabidhiano, mjulishe mwenyekiti siku hiyo hiyo, na andika barua mpya kabla kikao cha mwezi hakijafika.